Wewe Ndiye Utakayemzika Mchungaji

Mwanangu Robi,

Umetoka kwenda kumuaga Mama Zuhura, na najua hutarudi mapema, maana yule mama hajui kumuaga mtu bila kumlisha. Nimepata nafasi. Nimekaa hapa barazani, karasha la jirani linasaga mawe na vumbi lake linatua kwenye karatasi, lakini nitaandika hivyo hivyo. Kesho gari la Shinyanga litakuwa limejaa watu na magunia, na mimi siwezi kusema haya mbele ya watu.

Sitakwambia habari za kufua shuka wala kutunza nauli. Hayo uliyajua tangu ukiwa mdogo, ulipokuwa unanipikia nikirudi nimechoka. Nataka kukwambia habari za Mchungaji, za Bibi yako, na za hasira yangu, ambayo watu wa hapa Mwakitolyo wanadhani ilishaisha. Haijaisha. Kila jioni naifukia majivu, na asubuhi naikuta ingali hai.

Habari hii umeipata vipande vipande, na vingine umevipata kwa watoto waliokuwa wakikucheka shuleni. Leo ichukue nzima, kutoka mkononi mwangu.

Mume wangu wa kwanza alikuwa kule kwetu, Tarime. Jina lake sitaliandika, maana sitaki liingie kwenye begi lako. Alinivunja mkono huu wa kushoto, na mara mbili alinipiga mpaka nikasahau nilikuwa napika nini. Nilikimbilia kwa baba. Baba akasema nirudi, kwa sababu ng'ombe waliotolewa kwa ajili yangu alikuwa ameshawatumia kumwolea kaka yangu mke, na hana wengine wa kurudisha. Nikawa nimekaa pale kama mgonjwa anayesubiri kuambiwa atakatwa mguu upi.

Ndipo Bibi yako Wankuru akaja. Alikuwa mjane wa mzee Mwita, hana mtoto hata mmoja. Kwetu sisi Wakurya mjane wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, ili nyumba ya marehemu isizimike. Tunaita nyumba ntobhu. Msichana anazaa na mwanamume anayekubalika, na mtoto anakuwa wa nyumba ile, anabeba jina la marehemu. Wale wanawake wawili hawalali pamoja. Wanalima pamoja, wanapika pamoja, wanalea pamoja, na wanazikana. Bibi alitoa ng'ombe, baba akawaswaga kwenda kwa yule mtu, nami nikahama kwenda kwa Bibi na mkono wangu ukiwa kwenye kitambaa. Alikifungua, akautazama, akasema, "Hapa hutapigwa." Hakunipiga mpaka anakufa, na ulimi wake ulikuwa mkali, mwenyewe unakumbuka.

Shemeji zake walipomnyang'anya shamba, tukaja huku kwenye dhahabu. Mimi nilianza kwa kuponda mawe, baadaye nikafungua mgahawa. Hapa ndipo ulipozaliwa. Aliyenipa mimba yako alikuwa mtu mpole, Bibi ndiye aliyemkubali, na alipoondoka aliondoka kwa amani. Ulipotoka ukawa msichana, Wakurya wenzetu wa machimboni wakamwambia Bibi ng'ombe wake wamepotea bure. Akawajibu, "Nyumba imepata mtu. Nyie hesabuni mnachotaka." Akakupa jina la mama yake, na la ukoo la Mwita.

Kanisani alibatizwa akiwa mzee. Alilipenda kanisa kupita kiasi, mpaka mimi nilikuwa naona aibu. Unakumbuka ule mnada wa baada ya ibada, watu wanauza mayai na mihogo iliyotolewa sadaka? Bibi alitoa jogoo wake, halafu alipoona Mzee Masanja anakaribia kumchukua, akapandisha bei akamnunua mwenyewe. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Akasema, "Nimemtolea Mungu, sikumtolea Masanja."

Sasa sikiliza ilivyokuja.

Mchungaji alitoka semina akiwa amewaka. Akatangaza kwamba ndoa zote ambazo hazijafungwa kanisani zitabarikiwa kwa pamoja, na asiyetaka atatengwa. Hilo halikuwa jambo baya, machimboni humu watu wanaishi pamoja kama abiria. Wazee wa kanisa wakapita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani anaishi na nani. Walipofika kwetu, Mzee Masanja akaita mlangoni kwa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka, mayu!" Bibi akamkaribisha, akawaeleza yote, kwa fahari, tangu ng'ombe wa kwanza mpaka wa mwisho. Alidhani wanataka kutubariki. Alinituma nikatafute kitenge kipya.

Nimeshafikiri sana juu ya kitenge kile. Mtu anaweza kuwa na akili nyingi na bado asijue kwamba watu aliowakaribisha chai wamekuja kumpima shingo.

Tuliitwa ofisini kwa Mchungaji. Wazee walikuwa wamekaa ukutani, sisi wawili katikati kwenye kiti kimoja kirefu. Watu hudhani Mchungaji hakutuelewa. Alielewa vizuri, ndiyo sababu sijamsamehe.

"Mama Wankuru," alisema, "nimeielewa mila yenu. Palikuwa na mahari, palikuwa na wazee, palikuwa na ahadi. Hiyo ni ndoa. Na waliooana ni wanawake wawili."

"Ni ndoa ya nyumba, baba," Bibi akasema. "Ya mzee Mwita."

"Mzee Mwita amekufa. Maandiko yanasema mume na mke. Hayasemi mjane na msichana."

Nikaingilia, nikasema sisi hatulali pamoja, sisi si hao anaowafikiria. Akaniambia, "Sikukuuliza unalala wapi, Mama Robi. Leo nikiufungua mlango huu kwa sababu ya mila, kesho watakuja wale wengine, wanaume kwa wanaume, waseme nasi tuna sababu zetu. Nitawazuia kwa mdomo gani?"

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimekisoma kitabu cha Ruthu mpaka nikakikariri. Nikamwambia habari za Naomi, mjane asiye na mtoto, na Ruthu aliyemng'ang'ania akakataa kumwacha, na jinsi mtoto alipozaliwa majirani walivyosema Naomi ndiye amepata mtoto. Nikamwambia na ile torati ya ndugu kumzalia marehemu uzao ili jina lake lisifutike. Nikasema, kama hiyo si nyumba ntobhu, basi ni dada yake. Nilijisikia hodari. Nikatazama ukutani nione kama wazee wameguswa.

Mchungaji akatabasamu. Akasema, "Ruthu aliolewa na Boazi, mlangoni pa mji, mbele ya wazee kumi. Wewe Boazi wako yuko wapi?"

Mzee Masanja akacheka. Wakacheka wote. Bibi hakujua wanacheka nini, akatabasamu nao kwa heshima. Robi, nimesahau mambo mengi ya maisha yangu, hata sura ya yule aliyenivunja mkono imeanza kufifia, lakini tabasamu lile la Bibi sijalisahau.

Halafu akatoa hukumu. Tuachane. Mimi ama nikae bila mume, ama nirudi Tarime kwa mume wangu wa kwanza, kwa kuwa yule, alisema, ndiye mume wangu mbele za Mungu mpaka kifo. Nikamwonyesha mkono. Nikapandisha nguo begani, nikamwonyesha mfupa ulivyounga vibaya. Akasema ataniombea.

Sasa fika hapa, mwanangu, na usiruke mistari, maana hiki ndicho kisu changu mwenyewe.

Nilipoona tumeshindwa, nilitafuta mtu wa kumtupa. Nikasimama nikasema, "Kama mnawatafuta hao wanaume kwa wanaume, mbona hamwendi kwa fundi Elisha?" Elisha alikuwa fundi cherehani, ndiye aliyeshona sare za kwaya, na aliishi na rafiki yake nyuma ya plant, pale wanapochenjulia dhahabu. Watu walinong'ona, lakini walimpelekea vitambaa vyao, kwa sababu alishona vizuri. Mpaka siku ile hakuna aliyekuwa amelitaja jina lake mbele ya wazee. Nililitaja mimi. Nililitaja kwa sauti kubwa, na kidole nimenyoosha dirishani.

Mchungaji akaandika kitu. Nikadhani nimetuokoa.

Hatukuokoka. Jumapili iliyofuata tulisomwa sote kanisani kwamba tumetengwa, sisi na Elisha, kwa pumzi moja. Vijana wa maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, walikuwa wamekwisha kumfuata nyumbani kwake, wakampiga, wakamvunjia meza. Aliondoka na cherehani yake imefungwa nyuma ya bodaboda, na rafiki yake akitembea kwa miguu upande mwingine, kama watu wasiojuana. Alipita mbele ya mgahawa wangu. Nilikuwa natenga ugali, nikainamia sufuria.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Methali hiyo nilikuwa naisema kila siku bila kujua ni yangu.

Nilikuja kumwona tena mjini Chato, nilipoenda kufuata dagaa. Amefungua kibanda, amenenepa kidogo, mguu wake wa kulia bado haukunjiki sawa. Nilikuwa nimenunua kitambaa sokoni, nikaenda nacho pale kana kwamba hakuna kilichotokea, nikamwambia anishonee gauni. Mjinga mimi, nilitaka kuomba radhi kwa njia ya biashara. Akasema, "Shikamoo mama." Nikasema marahaba. Akakipapasa kitambaa, akakikunja vizuri, akanirudishia. "Chako sikishoni," akasema. Sikumuuliza sababu. Nilirudi na kitambaa changu, na sijakishona mpaka leo.

Sikumkasirikia. Njia nzima kwenye gari nilikuwa nasema moyoni, huyu ndiye anayejua kulipa kisasi. Hakunitukana, hakuniitia watu. Alininyima kitu kimoja tu alichokuwa nacho, basi.

Wewe miaka ile ulikuwa mdogo, lakini benchi la nyuma unalikumbuka. Mimi niliacha kwenda kanisani. Bibi hakuacha. Kila Jumapili alivaa kitenge kile kile alichonunuliwa kwa ajili ya baraka, akaenda akakaa nyuma na waliotengwa, mzinzi mmoja na mlevi mmoja. Wale walitubu wakarudishwa kundini. Yeye akabaki. Meza ya Bwana ilipoandaliwa alitoka nje akasimama kando ya ukuta, na wimbo ulipoisha akarudi. Nilimwambia, "Mama, wanakudharau, unafuata nini kule?" Akasema, "Kanisa si la Mchungaji." Nilikasirika naye pia. Niliona ananisaliti.

Na aliambiwa njia ya kurudi ilikuwa nyepesi. Angesema tu mbele ya watu kwamba mimi si wake na wewe si wa nyumba yake, angepewa mkate siku ileile. Mzee Masanja mwenyewe alikuja kumbembeleza, akasema ni maneno tu. Bibi akamwambia, "Masanja, mtoto huyu nikisema si wangu, atalala kwa nani?" Ulikuwa umekaa hapo mlangoni unakula miwa.

Alipokufa hawakuja. Kengele haikugongwa, kwaya ilikatazwa. Kaburi lilichimbwa na vijana wa duara la akina Mama Zuhura, Waislamu watupu, na wale Wasukuma wa upande wa chini ambao hawasali popote. Dua ilikosa mtu wa kuisema kwa desturi yake, mpaka wewe, kitoto, ukasema Baba Yetu. Ulikosea katikati ukarudia. Nilisimama pale nikaapa. Sikuapa kwa Mungu, niliogopa atakataa. Niliapa kwa udongo ule uliokuwa mikononi mwangu kwamba Mchungaji atalipa, na atalipa kwa mkono wa mtoto wa nyumba hii.

Ndivyo nilivyokulea. Wenzako walifundishwa Biblia wapate kulala vizuri. Mimi nilikufundisha kama watu wanavyomfundisha mbwa kulinda boma. Nilikusomesha kwa sauti nikiwa naosha vyombo, nikakuuliza, hapa Mchungaji angesema nini, na wewe utamjibuje? Habari za Sara na Hajiri, habari za Yakobo na wake zake, habari za yule towashi kwenye gari la farasi. Tulitafuta kila ndoa ya ajabu iliyomo mle, na zimo nyingi, tukazipanga kama mawe ya kurushia. Ulipokuja kuniambia unataka kwenda chuo cha uchungaji, nilifurahi furaha ambayo haikuwa safi. Wewe uliita wito. Mimi niliita silaha imekomaa.

Mpaka ule ugomvi wetu wa mwaka huu, wa simu. Ulinionyesha makanisa ya mbali yanayofungisha ndoa wanaume wawili, mchungaji amevaa kola, watu wanaimba. Nikakupokonya simu nikaifunika kifudifudi mezani. Ukanieleza kwa utulivu, ukaniudhi zaidi. Ukasema wapo Wakristo wanaosema maneno ya Paulo ni ya wakati wote na hayana mjadala, na wapo wanaosema Paulo alikuwa anakemea ukahaba na uonevu wa zama zake, hakuwahi kuona watu wawili wanaotunzana. Na wote wanafunga, wanasali, wanalia. Nikasema hao wa pili wanajidanganya. Ndipo ukasema, "Mama, habari yako ulitaka isomwe kwa huruma. Ya fundi Elisha unataka isomwe kwa fimbo?"

Nilikuambia utoke nje. Ukatoka.

Leo nakujibu, kwa kuwa kesho hutakuwepo wa kufukuzwa. Sijakubali hao wa kwenye simu. Sitakudanganya kwa sababu unasafiri. Nikikisoma kitabu kile sioni ndoa ya namna hiyo, na nikimuuliza Mungu sisikii jibu. Lakini Mchungaji naye alikuwa anasoma kweli. Hakubuni mstari hata mmoja. Mume na mke imeandikwa, na kifo ndicho kitakachowatenganisha watu, nalo tunafundishwa. Alisoma sawasawa, na kwa kusoma kwake sawasawa akataka kunirudisha kwa mtu atakayeniua, na akamwacha mwanamke mzee amesimama kando ya ukuta. Nami niliposoma vizuri kuliko siku zote, na Ruthu wangu mdomoni, nilimtoa Elisha apigwe. Kwa hiyo sijui kusoma sawa ni kusoma namna gani. Nenda kajifunze wewe. Ila mtu yeyote huko akikufundisha mstari, mwalimu wa upande huu au wa ule, mwulize kwanza ni nani atalala nje mstari huo ukishasomwa. Akikwambia hilo halimhusu, andika majibu yake ya mtihani upate cheti, lakini usimwamini.

Usidhani nimelainika. Upo mstari mmoja nimeusoma kuliko yote, ule wa Paulo kwa Warumi, tusijilipizie kisasi, adui akiwa na njaa tumlishe, maana kwa kufanya hivyo tunampalia makaa ya moto kichwani. Wengine wanasema makaa ni aibu ya kumfanya mtu atubu. Wengine wanasema ni hukumu. Watakufundisha. Mimi nimeshachagua yangu, nataka yamuunguze.

Hii ndiyo hamu yangu, na sioni haya kuiandika. Nataka umalize masomo, uvae kola, upangiwe hapa hapa. Nataka Mchungaji, atakapokuwa mzee asiyeweza kusimama madhabahuni, aje mbele yako na mkono wazi, na wewe, Robi binti wa nyumba ya Mwita, mtoto wa ndoa aliyoikataa, uuweke mkate katika mkono ule. Usimnyime. Ukimnyima atajiona ameonewa na atakufa ameridhika. Mpe, na utamke jina lake polepole. Na siku yake ikifika, wewe ndiye utakayemzika. Gonga kengele. Iite kwaya yote. Fanya kila kitu ambacho hakikufanywa kwa Bibi, usipunguze hata wimbo, na watu wa Mwakitolyo wote wasimame pale wakijua kwa nini. Mimi nitakuwa mstari wa mbele na kitenge kipya.

Nilitaka barua iishie hapo. Nilikuwa nimeshatafuta bahasha.

Lakini Mchungaji amekuja leo. Wewe ulikuwa umetoka tu. Amekuja kwa miguu, na mguu mmoja umevimba kwa kisukari, amekaa dakika nzima ameegemea nguzo ya uzio akihema. Unajua kwamba ni yeye aliyekuandikia barua ya kukutambulisha chuoni, na unajua nilivyosema, kwamba huo si wema, ni woga wa mzee anayesikia kaburi linachimbwa. Akabisha hodi. Sikumkaribisha. Akasema amekuja kukuombea kabla hujasafiri.

Nikamwambia, "Nyumba hii imetengwa, Mchungaji. Haiombewi."

Sentensi hiyo nilikuwa nayo kinywani tangu siku tulipomzika Bibi. Ilitoka tamu, Robi, sitakuficha. Akatingisha kichwa kana kwamba aliitegemea. Hakunikemea. Akaniuliza kama angeweza kuacha ujumbe. Akauacha.

"Mwambie Robi," akasema, "akifika huko awaulize walimu wake kama nilisoma sawa. Habari ya Mama Wankuru, na ya yule fundi pia. Wasomi wenyewe, siyo hawa wa semina. Wakisema nilikosea, aniandikie nilikosea, asinifiche. Sipati usingizi, Mama Robi. Nikifumba macho namwona mama yule amesimama kando ya ukuta."

Mimi nikasema, "Hata mimi." Limenitoka tu, sikukusudia kumpa kitu. Akaondoka kama alivyokuja, na sikumpa hata maji.

Alipopinda kona nilifanya shauri. Nilisema ujumbe huu siufikishi. Elisha aliniachia kitambaa changu mkononi, nami nitamwachia huyu swali lake. Afe nalo. Ndicho kitu kimoja nilichokuwa nacho cha kumnyima, na kilikuwa kimekuja chenyewe mpaka mlangoni. Nikakaa nikaandika kurasa zote hizi bila kuutaja, na kila ukurasa nilipogeuza niliona raha.

Sasa nasikia sauti yako kwa Mama Zuhura, unacheka, unaaga kwa mara ya tatu. Utaingia sasa hivi. Nimeutaja. Umeshausoma, siwezi kuurudisha. Sikuuandika kwa kumhurumia, usije ukamwambia mtu hivyo. Nimeuandika kwa sababu swali ni lako, ulishaliuliza kabla yake, na mimi sina haki ya kumnyima mwanangu kitu ili nimnyime adui yangu.

Waulize. Waulize wa pande zote, hata wale wa kola kwenye simu. Uliza na habari yangu, niliyenyoosha kidole, usinipambe. Ukipata jibu, mwandikie.

Lakini usimwandikie upesi, mwanangu. Kwanza niandikie mimi.

Mama yako,
Bhoke, mke wa nyumba ya Mwita